Hisabati Kabla ya Fizikia: Historia ya Hoja Moja katika Elimu ya Juu ya Kongo

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, hoja moja hurudi katika vyumba vya wahadhiri hapa Bunia, na bila shaka katika miji mingine ya Kongo yenye vyuo. Wapo wanaoshikilia kwamba mwanafunzi ambaye hakutoka katika mchepuo wa Math-Physique asipokelewe kabisa katika idara ya fizikia. Wapo wanaowajibu kwamba mwenye akili na bidii ataipata hisabati njiani, kama vile msafiri anavyookota kuni pale anapopiga kambi. Hoja hiyo si ya mzaha. Uamuzi wake humfungia kijana mlango, au humfungulia mlango ambao mwisho wake ni kurudia mwaka, na karo ya mwaka huo wazazi wameipata kwa kuuza mbuzi au magunia ya mihogo.

Makala hii inakusudia kuitazama hoja hiyo kwa njia ya historia, na kuuliza kwa kiasi gani matayarisho ya hisabati humsaidia anayeingia katika fizikia ya chuo. Wanaisimu hatuna desturi ya kujitia katika mambo ya wanafizikia. Tumeingia kwa sababu, kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya kile kinachoitwa udhaifu wa hisabati ni jambo la lugha, na katika majadiliano tuliyoyasikia jambo hilo halijapewa nafasi yake.

Tuanze mbali kidogo. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi wa Uingereza aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu, hakusoma hisabati ya maana. Hata hivyo, mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku inayosogezwa karibu na waya huzalisha mkondo wa umeme, na mitambo yetu ya umeme hadi leo hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Aliiona nguvu ya sumaku kama mistari inayojaza nafasi, na aliieleza kwa maneno na michoro. James Clerk Maxwell, aliyekuwa na hisabati tele, aliichukua mistari hiyo akaigeuza kuwa milinganyo, na kazi yake kubwa juu ya jambo hilo ilichapishwa mwaka 1865. Katika barua aliyomwandikia Maxwell mwaka 1857, Faraday alimwuliza kama wanahisabati, baada ya kufikia matokeo yao, hawawezi kuyafasiri kwa lugha ya kawaida ili watu kama yeye nao wayatumie. Ombi hilo ni la tafsiri. Faraday hakukosa fizikia. Alikosa lugha moja ambamo fizikia huandikwa. Na Maxwell, kwa upande wake, asingekuwa na la kuandika kama mwingine asingeona kwanza.

Wanaotaka kuitetea fizikia isiyo na hisabati hupenda kumtaja Faraday. Ni mfano dhaifu kwa haja yao, maana baada ya Maxwell hakuna chuo kinachofundisha umeme kwa njia ya Faraday peke yake. Lakini mfano huo unatuonyesha kwamba kuna stadi mbili, na kwamba kati yake pana kazi ya tatu, yaani kuvusha maana kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Sasa tuje kwetu. Shule za wakati wa ukoloni katika Kongo ya Wabelgiji zilikuwa mikononi mwa misheni kwa sehemu kubwa, na kwa miaka mingi lengo lake lilikuwa kupata makatekista, walimu wasaidizi, makarani na mafundi. Kwa kazi hizo hesabu ilihitajika: karani wa machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto alipaswa kujumlisha, kugawanya, kutafuta asilimia na kuandika daftari safi. Aljebra haikumhusu. Mkongo aliyepata elimu ndefu kuliko wote alikuwa mseminari, na seminari ilimpa Kilatini na falsafa. Padri Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza kupewa upadri, mwaka 1917, alikuwa msomi wa njia hiyo. Kwa hiyo, ilipofika wakati wa kufikiria chuo kikuu, nchi ilikuwa na watu walioweza kufuata hoja ndefu katika lugha ya kigeni, lakini ilikuwa na wachache mno waliowahi kuona grafu ya mlinganyo. Programu za mwaka 1948 zilianza kuruhusu shule za sekondari za miaka sita kwa Waafrika, na mwaka 1954 serikali ikafungua shule zake zisizo za dini. Yote hayo yalikuja kwa kuchelewa.

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifungua milango yake mwaka huo huo wa 1954, juu ya kilima karibu na Léopoldville. Waanzilishi wake walijua wazi upungufu wa wanafunzi waliokuwa wakiwapokea, na dawa yao ilikuwa masomo ya matayarisho kabla ya chuo chenyewe. Mkuu wake, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padri na papo hapo mwanafizikia wa nyuklia. Huenda ndiyo sababu historia ya Lovanium ina tukio ambalo halina mfano wake Afrika ya siku zile: mwezi Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, kinu cha nyuklia cha utafiti, TRICO, kilianza kufanya kazi kilimani hapo. Kilikuwa cha kwanza barani. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50. Kongo ilikuwa imetoa urani ya Shinkolobwe iliyotumika katika mabomu ya Marekani mwaka 1945, na sasa ilikuwa na kinu chake.

Lakini ni nani angekisoma kinu hicho? Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu, kwa hesabu yoyote ile, hawakuzidi makumi machache. Wengine hutaja 16 tu. Katika hao, wanafizikia hawangejaza benchi moja. Hatusemi hayo kwa kumdharau Gillon. Bila kinu hicho, pengine Kinshasa isingekuwa na mapokeo ya fizikia yaliyozaa TRICO II, chenye nguvu ya megawati moja, mwaka 1972. Tunachosema ni kwamba chombo kilitangulia wasomaji wake, na wasomaji walitafutwa kwa haraka, kwa mwaka mmoja wa matayarisho uliotakiwa kuziba pengo la miaka sita. Tangu hapo fikra hiyo imekaa katika elimu yetu: kwamba hisabati ni ngazi ambayo mtu huipanda mara moja, kabla, kisha akaiacha.

Baada ya uhuru ngazi hiyo ilihamishiwa sekondari. Mtihani wa Serikali, ule ambao wanafunzi huuita kwa mkato Exetat, ulianzishwa mwaka 1967 ili nchi nzima iwe na kipimo kimoja. Michepuo ya sekondari ikapata uzito mpya: aliyetoka Math-Physique alikuwa na saa nyingi za aljebra, trigonometria na kalkulasi, aliyetoka Pédagogie générale au Latin-Philo alikuwa na saa chache. Mageuzi ya mwaka 1971 yaliyounganisha vyuo vikuu vitatu kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, pamoja na mfumo wa miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence, hayakuubadilisha mpango huo katika msingi wake. Diploma ya Serikali ilikuwa tikiti, na jina la mchepuo lilikuwa namba ya kiti.

Hapa inafaa tusimame. Maswali ya mtihani huo katika hisabati na fizikia ni ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa. Kipimo cha namna hiyo kina faida zake kwa nchi kubwa yenye barabara mbovu na wasahihishaji wachache. Lakini mwanafunzi hodari wa mitihani hujifunza kuyajaribu majibu moja moja hadi lipatikane linalokaa, na hatakiwi kuandika hata sentensi moja inayoeleza kwa nini linakaa. Anaweza kuvuka akiwa na kanuni nyingi kichwani na asiwahi kuulizwa kanuni inasema nini juu ya dunia. Kisha anafika chuoni, na mhadhiri wa mekanika anamwuliza jambo hilo hilo.

Kwa upande wa Ituri kuna la kuongeza. Vita vya 1999 hadi 2003, machafuko yaliyozuka upya Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, na utawala wa kijeshi uliotangazwa Mei 2021, vimewafanya wanafunzi wengi wasome sekondari kwa vipande vipande: miezi mitatu hapa, muhula mmoja katika shule iliyowapokea wakimbizi, mwalimu mmoja wa hisabati kwa madarasa matano. Cheti chao kinasema Math-Physique. Saa zilizoandikwa katika programu ni zile zile. Saa walizofundishwa ni nyingine kabisa. Anayetumia jina la mchepuo kama kipimo cha matayarisho, katika mkoa kama wetu, anapima karatasi.

Tanzania ilichukua njia tofauti kidogo, nayo inastahili kuangaliwa. Huko, katika kidato cha tano na cha sita, masomo hupangwa kwa tahasusi. Anayesoma fizikia pamoja na kemia na hisabati hupata hisabati ya juu. Anayesoma fizikia pamoja na kemia na baiolojia, ambaye mara nyingi nia yake ni udaktari, hulazimika kusoma hisabati ndogo ya matumizi kando ya masomo yake. Hivyo fizikia haiachwi peke yake hata kwa yule asiyetaka kuwa mhandisi. Wazo hilo tunaliona la busara kuliko letu, kwa sababu linatambua kwamba kuna kiasi cha hisabati kinachotosha, na kwamba kiasi hicho si chote wala si sifuri.

Je, utafiti unasema nini juu ya kiasi hicho? Mwaka 1977, Hudson na McIntire walichapisha huko Marekani uchunguzi wa wanafunzi walioanza fizikia, waliopimwa kwanza hisabati. Walikuta kwamba alama ya hisabati ilitabiri kushindwa vizuri kuliko ilivyotabiri kufaulu. Maana yake ni kwamba asiye na hisabati alikuwa hatarini kwa hakika, lakini mwenye nayo hakuwa na hakika yoyote. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, Ibrahim Halloun na David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walipima vitu viwili mbali mbali: hisabati ya mwanafunzi, na fikra zake za kawaida juu ya mwendo, kwa mfano ile ya kwamba kitu hakiendi pasipo kusukumwa muda wote. Kila kimoja kilihusiana na matokeo kwa njia yake. La kushtusha zaidi ni kwamba mihadhara ya kawaida ilizibadilisha fikra hizo kidogo sana, awe mhadhiri ni nani. Mwaka 2002 David Meltzer alionyesha kwamba, katika makundi mengi ya wanafunzi wa umeme aliyoyachunguza, waliopiga hatua kubwa zaidi katika kuelewa walikuwa wale walioanza na hisabati nzuri, hata pale ambapo ujuzi wao wa awali wa umeme haukuwapita wenzao. Na mwaka 2007 Philip Sadler na Robert Tai, kwa kuwatazama zaidi ya wanafunzi 8,000 wa vyuo vya Marekani, waliona kwamba hisabati ya sekondari ilihusiana na matokeo mazuri katika fizikia, katika kemia na hata katika baiolojia, ilhali kusoma kemia sekondari hakukuonekana kumsaidia mtu katika fizikia ya chuo.

Uhusiano si sababu, na Marekani si Ituri. Hata hivyo matokeo hayo yanapatana na historia yetu kuliko mtu angetarajia. Mlango bila hisabati ni mwembamba mno. Lakini wengi walioingia kwa hisabati walikwama ukumbini. Walikosa nini?

Tutoe swali la hesabu. Mwendesha pikipiki anatoka Bunia kwenda kijiji kilicho umbali wa kilomita 60. Anakwenda kwa kilomita 60 kwa saa, anarudi na mzigo kwa kilomita 30 kwa saa. Mwendokasi wake wa wastani kwa safari nzima ni upi? Jibu linalomjia mtu haraka ni 45, nusu ya jumla ya 60 na 30. Jibu la kweli ni 40, kwa kuwa alitumia saa moja kwenda na saa mbili kurudi, kilomita 120 kwa saa tatu. Hakuna kalkulasi hapo, wala trigonometria. Anayejibu 45 hakukosa hisabati ya Math-Physique; alikosa kusikia neno “kwa” linasema nini.

Neno hilo “kwa” ni mtego wa kweli. Tunaposema kiwanja cha mita 20 kwa 30, “kwa” inazidisha. Tunaposema kilomita 40 kwa saa, “kwa” hiyo hiyo inagawanya. Mtu atadhani Kifaransa cha darasani kinamwokoa mwanafunzi, lakini “par” ya Kifaransa ina tabia ile ile: huzidisha “par”, hugawanya “par”, na huenda kilomita kadhaa “par” saa. Mtoto wa Bunia huhesabu sokoni kwa Kiswahili, na wengi mashariki mwa Kongo husema makumi mbili badala ya ishirini. Shuleni anakutana na septante na nonante. Chuoni anakutana na alama ambazo hazitamkwi katika lugha yoyote. Mara tatu anavuka mto, na hakuna mahali alipofundishwa kuvuka.

Maneno ya fizikia yenyewe ni mtego wa pili. Mchukuzi anayebeba gunia kichwani kutoka sokoni, kwenye barabara tambarare, anatoka jasho na anastahili malipo. Kwa fizikia, kani anayolishikia gunia inaelekea juu, na safari inakwenda mbele. Basi kani hiyo haijafanya kazi yoyote juu ya gunia. Mwanafunzi anayejua kwamba kazi ni kani mara umbali, bila kuambiwa kwamba umbali huo ni ule wa upande wa kani, atakokotoa vizuri na atapata upuuzi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na tangu hapo hakuna sababu ya kudai kwamba Kiswahili hakina istilahi za mekanika: kani, tungamo, mchapuko, nishati, yote yapo. Ni kweli kwamba hata Tanzania yenyewe inaendelea kufundisha fizikia ya sekondari kwa Kiingereza. Lakini sisi hatuhitaji kuamua vita vya lugha ya kufundishia ili tumruhusu mwanafunzi kusema kwa lugha anayoifikiria kile mlinganyo unachodai. (Wanafunzi wetu wa isimu hucheka wanapogundua kwamba neno la Kifaransa wanalolitumia kwa unyambulishaji wa maneno ndilo wanahisabati wanalolitumia wanapotafuta mteremko wa grafu. Wangecheka kidogo zaidi kama wangefundishwa yote mawili na mtu mmoja.)

Kutokana na hayo, maoni yetu ni kwamba kuufanya mchepuo wa Math-Physique kuwa sharti la kuingia ni kosa katika mkoa wetu, na kuacha mlango wazi bila matayarisho ni kosa kubwa zaidi. Mwaka mzima wa matayarisho, kama ule wa Lovanium, hauwezekani tena: mfumo wa LMD, ulioenezwa nchini tangu mwaka wa masomo 2021-2022, umeipa licence miaka mitatu, na familia hazina mwaka wa kutoa. Kinachowezekana ni wiki za mwanzo za muhula wa kwanza, zikiwa chini ya mwalimu wa fizikia mwenyewe, si wa hisabati anayefundisha mbali na maabara. Mada hazihitaji kuwa nyingi: uwiano na vizio, kupanga upya mlinganyo, kusoma grafu na mteremko wake, pembetatu ya mstatili, vekta. Kalkulasi ije pale mwendo unapoihitaji. Kila mada ianze na jambo linaloonekana na iishie hapo. Wenzetu wa vyuo vya ualimu wana nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa kwa desturi hisabati na fizikia zimekaa katika idara moja. Tatizo lao ni kwamba mara nyingi zimekaa kama wapangaji wawili wa nyumba moja wasiosalimiana.

Na wanaoingia wapimwe wote siku ya kwanza, wenye Math-Physique na wasio nayo, kwa maswali machache ya namna ya lile la pikipiki, yasiyo na majibu ya kuchagua. Matokeo yasitumike kumfukuza mtu; yatumike kumjua. Kila jibu liandikwe kwanza kwa sentensi kamili, kisha kwa mlinganyo, na anayetaka kuiandika sentensi hiyo kwa Kiswahili aruhusiwe.